Sakafu na Jukwaa: Urithi wa Dansi ya Awali ya Klabu za Hausi na Funzo Lake kwa Uchezaji wa Vijana wa Nakivale, Masha na Mbarara, Uganda

Ikisiri

Historia ya muziki wa hausi imeandikwa kwa wingi, lakini dansi iliyozaliwa pamoja nao katika klabu za Chicago na New York haijapewa uzito kama huo. Makala haya yanaeleza jinsi dansi hiyo ilivyoundwa na masharti ya mahali ilipochezwa, jinsi ilivyopokonywa mahali hapo, na jinsi ilivyodumu kwa kuhamia madarasani na mashindanoni. Maelezo hayo yanatumiwa kuangalia uchezaji wa vijana katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale na maeneo yanayoyazunguka, kuanzia Masha hadi Mbarara. Hoja kuu ni kwamba mipango ya utamaduni hufadhili jukwaa na kuisahau sakafu, ilhali sakafu ndiyo inayozaa dansi na kuirithisha.

1. Utangulizi

Wimbo ukisharekodiwa huweza kusubiri. Santuri iliyokaa sandukuni miaka 40 ikiwekwa tena kwenye mashine hutoa sauti ileile. Dansi haina subira hiyo. Isipochezwa na mwili mmoja mbele ya mwili mwingine, hufa na waliokuwa wakiijua. Mtafiti wa tamthilia Diana Taylor, katika kitabu chake cha mwaka 2003, alitofautisha hifadhi ya maandishi, picha na majengo kwa upande mmoja, na hazina ya matendo kwa upande wa pili. Hazina ya matendo hudai kuwapo kwa watu: anayeonyesha na anayetazama, anayejua na anayejifunza.

Tofauti hiyo ina uzito wa pekee kwa jamii zilizohama. Mkimbizi huvuka mpaka bila jengo, bila kumbukumbu za maandishi, na mara nyingi bila ala za muziki. Anachobeba kwa hakika ni lugha yake na mwili wake. Wasomi wa Kiswahili wamefanya kazi kubwa kuhusu mzigo wa kwanza. Huu wa pili umeachwa nyuma. Makala haya yanaufikia kwa kupitia mfano wa mbali ambao historia yake inajulikana vizuri, yaani klabu za awali za hausi, kisha yanarejea Afrika Mashariki.

Katika makala haya, neno sakafu litamaanisha mahali ambapo watu hucheza kwa ajili yao wenyewe, bila mpaka kati ya mchezaji na mtazamaji. Neno jukwaa litamaanisha mahali ambapo wachache huwachezea wengi waliokaa kuwatazama. Mahali pamoja paweza kuwa sakafu leo na jukwaa kesho. Kinachobadilika ni uhusiano wa watu waliopo.

2. Sakafu za Chicago na New York

Mwaka 1970 David Mancuso alianza kufanya karamu za dansi nyumbani kwake New York, katika ukumbi uliokuja kujulikana kama Loft. Watu waliingia kwa mwaliko, pombe haikuuzwa, na vyombo vya sauti vilichaguliwa kwa uangalifu mkubwa. Mwaka 1977 klabu ya Warehouse ilifunguliwa Chicago chini ya Robert Williams, na dijei Frankie Knuckles, mzaliwa wa New York, akaitwa kupiga muziki. Katika miaka hiyohiyo Paradise Garage ilianza New York, na dijei wake alikuwa Larry Levan. Waliokuja kucheza walikuwa hasa vijana weusi na Walatino, na wengi wao walikuwa wapenzi wa jinsia moja. Ukweli huu hauwezi kuondolewa katika historia hii, kwa kuwa ndio unaoeleza kwa nini mlango ulilindwa kwa uanachama na mwaliko: watu waliosukumwa pembeni walihitaji mahali ambapo hawangesumbuliwa.

Jina la muziki wenyewe kwa kawaida huhusishwa na Warehouse. Mwanzoni Knuckles alipiga disko, soul na muziki wa elektroniki kutoka Ulaya, akiunganisha na kurefusha vipande kwa kufuata alichokiona sakafuni. Knuckles alipoondoka Warehouse mwaka 1982, Williams alifungua Music Box, ambako Ron Hardy alipiga kwa kasi na ukali zaidi. Mwaka 1984 Jesse Saunders alitoa “On and On”, ambayo mara nyingi hutajwa kuwa rekodi ya kwanza ya hausi kuuzwa. Mfuatano huu una maana: kwa miaka kadhaa kabla ya kuwapo santuri yoyote ya hausi, watu walikuwa tayari wakicheza. Wachezaji waliitikia jambo fulani, dijei akalirudia, na kilichorudiwa kikawa mtindo. Kwa maana hiyo sakafu ilishiriki kuutunga muziki.

Dansi yenyewe ilikuwa na shina lake katika kiwiliwili. Kifua na mgongo vilikwenda mbele na nyuma kama wimbi, kwa kufuata pigo la ngoma nzito linalorudi mara nne katika kila hesabu. Huko New York, miguu ilipewa kazi kubwa zaidi: hatua za haraka za pembeni, za kuvuka na za kuzunguka, zilizochotwa katika dansi ya viatu vya vyuma, salsa, kapoeira na ngoma za Afrika Magharibi. Kundi la tatu la miondoko lilikuwa la kushuka na kuteleza sakafuni kwa ulaini, nalo lilichukua jina la Loft. Hapakuwa na mwalimu wala mtaala. Aliyetaka kujifunza alirudi wiki baada ya wiki, akasimama karibu na ajuaye, akaiga, akakosea, na siku moja akaingia katikati ya duara.

Masharti manne yaliifanya elimu hiyo iwezekane. La kwanza ni marudio: usiku uleule, mahali palepale, kila wiki. La pili ni muda: usiku mmoja ulienea hadi asubuhi, na mtu aliweza kucheza saa nyingi mfululizo. La tatu ni usalama wa mlangoni. La nne ni kwamba katika klabu hizi tatu biashara ya pombe haikuwa kitovu: Warehouse, Loft na Paradise Garage hazikuutegemea mauzo ya baa, hivyo mwenye ukumbi hakuwa na sababu ya kumwondoa sakafuni mtu asiyenunua. Masharti haya hayakuonekana katika rekodi yoyote. Muziki uliposafiri kwenda Ulaya na kwingineko katikati ya miaka ya 1980, ulisafiri bila hayo.

3. Kupotea kwa sakafu na kudumu kwa hatua

Paradise Garage ilifungwa mwaka 1987. Katika miaka hiyohiyo UKIMWI uliwaua wengi katika jamii iliyozijaza klabu hizi. Kila aliyekufa aliondoka na hazina ambayo haikuandikwa popote. Sheria nayo ilikuwa na mkono wake. Jiji la New York lilikuwa na sheria ya mwaka 1926 iliyokataza watu kucheza katika kumbi za vinywaji na vyakula zisizo na leseni maalumu. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2017, baada ya miaka 91. Dansi katika jiji hilo ilikuwa, kwa karibu karne nzima, jambo la kuombewa kibali.

Hatua zilidumu kwa kuhama. Wachezaji waliokulia sakafuni, kama Marjory Smarth, mzaliwa wa Haiti aliyefariki mwaka 2015, waligeuka kuwa walimu na kuzunguka duniani. Mashindano ya Juste Debout, yaliyoanzishwa Paris mwaka 2002, yaliipa dansi ya hausi nafasi yake pamoja na mitindo mingine ya mitaani. Filamu ya Sally Sommer, “Check Your Body at the Door”, iliyotolewa mwaka 2012, iliwaonyesha wachezaji wa klabu za New York waliopigwa picha katika miaka ya 1990.

Faida ya uhamisho huu ni kubwa: kijana wa Paris, Tokyo au Kampala anaweza kujifunza leo. Gharama yake pia ipo. Darasani hatua huhesabiwa na kupewa majina. Shindanoni mchezaji hupewa dakika chache mbele ya waamuzi. Dansi iliyokuwa ya kuvumilia usiku mzima imekuwa ya kushangaza kwa muda mfupi. Kwa istilahi za makala haya, imeokolewa kwa kuhamishwa kutoka sakafuni hadi jukwaani, na kilichobaki njiani ni ule uhusiano uliofanya mtazamaji wa leo awe mchezaji wa wiki ijayo.

Hifadhi ya majengo nayo imekuja kwa kuchelewa. Jengo lililokuwa Warehouse lilitangazwa kuwa alama ya kihistoria ya Chicago mwaka 2023, miaka tisa baada ya kifo cha Knuckles. Jengo la Paradise Garage halikupata bahati hiyo. Lilibomolewa mwaka 2018.

4. Sakafu katika historia ya Afrika Mashariki

Isidhaniwe kwamba sakafu ni jambo la kigeni. Katika utafiti wake wa mwaka 1975, Terence Ranger alionyesha jinsi beni ilivyoanza katika miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19 na kuenea bara pamoja na askari na wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Vikundi vya Marini na Arinoti vilikuwa na vyeo, sare na ushindani mkali, lakini pia vilisaidiana katika ugonjwa, mazishi na ugeni mjini. Mtu aliyefika mji asioujua alitafuta kikundi chake cha ngoma kwanza. Watawala walivitilia shaka vikundi hivyo hasa kwa sababu viliweza kuwakusanya watu wa makabila mbalimbali chini ya Kiswahili na mapigo ya pamoja.

Funzo la beni na funzo la Warehouse linakutana hapa: watu wasio na mahali hutengeneza mahali kwa kucheza, na kanuni za kucheza pamoja hugeuka kuwa kanuni za kuishi pamoja.

Hausi yenyewe ilirejea Afrika kwa njia ya kusini. Vijana wa vitongoji vya Johannesburg waliipunguza kasi katika miaka ya 1990 na kuizalisha kwaito. Kutoka katika mkondo huohuo wa muziki ilikuja amapiano katika muongo wa 2010. Amapiano imeenea katika simu na kumbi za Uganda, Mbarara ikiwemo. Kwa hiyo kijana wa Mbarara anayecheza amapiano anaigusa hazina iliyopita Chicago na Johannesburg, hata kama hajawahi kulisikia jina la Warehouse.

5. Nakivale, Masha na Mbarara

Makazi ya Nakivale yalianzishwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia machafuko. Leo ni mojawapo ya makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika. Yako katika Wilaya ya Isingiro, karibu na mpaka wa Tanzania, na yana watu zaidi ya 100,000 kutoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia, Ethiopia na nchi nyingine, Wakongo wakiwa wengi zaidi. Masha ni kata ya wilaya hiyohiyo iliyo upande wa Mbarara, na wakazi wake ni wenyeji wakulima na wafugaji wa Ankole. Mbarara, iliyopandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2020, ndiyo soko, hospitali na usiku wa eneo lote hili.

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi na uhuru wa kwenda atakako nchini. Uhuru huo ndio unaofanya iwezekane kuyatazama maeneo haya matatu kama uwanja mmoja wa uchezaji badala ya kambi, kijiji na jiji vilivyotengana.

Urithi uliokusanyika katika uwanja huo ni wa namna yake. Mnyankole anapocheza ekitaguriro, mikono huinuka kama pembe za ng'ombe na miguu hukanyaga ardhi kwa nguvu. Ndombolo ya Wakongo huanzia kiunoni. Eskista ya Waethiopia huishi mabegani. Mburundi huruka akiwa na fimbo mbele ya ngoma kubwa, na dhaanto ya Wasomali huwapanga wachezaji wanaoitikiana kwa sauti na hatua. Kila jamii imekipa kiungo fulani cha mwili kazi ya kwanza. Dansi ya hausi ilizaliwa pale ambapo hazina za namna hii zilikutana katika chumba kimoja kwa muda mrefu vya kutosha: kifua kutoka huku, miguu kutoka kule, mteremko kutoka kwingine. Nakivale ina malighafi yote. Kinachohitaji kuulizwa ni kama ina chumba, na kama ina muda.

Kiswahili kinatoa sehemu ya jibu. Ndicho kinachowawezesha Wakongo wa mashariki, Warundi wengi na baadhi ya wengine kuelewana pembezoni mwa duara: kuitana, kutaniana, kusahihishana, kushangilia. Uamuzi wa Baraza la Mawaziri la Uganda wa mwaka 2022 wa kukikubali Kiswahili kuwa lugha rasmi umezungumzwa zaidi kwa habari ya shule na ofisi. Sakafu ya dansi nayo ni mahali ambapo lugha hii hujifunzwa bila kulazimishwa, na wapangaji wa lugha wangefaidika kwa kuiangalia.

6. Pengo la sera

Vikundi vya dansi katika makazi ya wakimbizi huonekana zaidi pale vinapoalikwa. Huchezeshwa katika Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni, mbele ya wageni waheshimiwa. Hupewa ujumbe wa afya au amani wa kuufikisha. Hupewa fulana na posho ya siku. Hayo si mabaya. Lakini yote ni ya jukwaa. Sherehe ikiisha, spika hurudishwa na jenereta huzimwa. Marudio, muda, usalama na uhuru dhidi ya biashara, yaani yale masharti manne yaliyotajwa hapo juu, hayapati msaada.

Pengo la pili ni la urithi. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 kuhusu urithi usioshikika hutegemea dola kuwasilisha maombi. Kwa njia hiyo dansi ya ngoma ya kifalme ya Burundi iliorodheshwa mwaka 2014, na rumba ya Kongo mwaka 2021. Uganda imeorodhesha bigwala ya Busoga mwaka 2012. Je, dansi iliyozaliwa Nakivale kwa kuchanganya viungo vya jamii tano ni ya dola ipi? Nchi ya asili haiioni, na nchi mwenyeji haina desturi ya kuihesabu kuwa yake. Hata hivyo Mkataba unazungumzia jamii zilizomo katika eneo la dola, na haumtaki mwanajamii awe raia. Nafasi ya kisheria ya kuijumuisha dansi hiyo katika orodha ya taifa basi ipo. Kinachokosekana ni uamuzi.

Pengo la tatu ni la udhibiti. Kumbi za burudani za Uganda zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona na hazikuruhusiwa kufunguliwa hadi tarehe 24 Januari 2022, takriban wiki mbili baada ya shule. Sababu ya kiafya ilikuwa ya kweli. Hata hivyo, hapakuwa na mpango wowote mahususi wa kuilinda hazina ya matendo wakati sakafu zimefungwa, kwa kuwa hakuna aliyeitazama dansi kama elimu.

Pingamizi kubwa dhidi ya hoja hii ni la chakula. Tangu mwaka 2023 msaada wa chakula kwa wakimbizi nchini Uganda umekuwa ukitolewa kwa viwango tofauti kwa kufuata makundi ya uhitaji, na wengi wamepungukiwa. Je, ni haki kuzungumzia spika pale ambapo sufuria ni tupu? Pingamizi hili linastahili heshima, lakini linachanganya mambo mawili. Sakafu haidai fedha nyingi. Inadai ruhusa, paa, taa na ratiba. Tena njaa haiwaondolei watu hitaji la kusaidiana, na historia ya beni inaonyesha kwamba vikundi vya ngoma vilikuwa miongoni mwa vyombo vya kwanza vya kusaidiana kwa watu waliong'olewa kwao.

Pingamizi la pili ni la usalama, hasa wa wasichana. Sakafu isiyo na ulinzi huwa mahali pa ulevi na unyanyasaji, na wazazi wana haki ya kuwakataza watoto wao. Hapa ndipo mfano wa klabu za awali unapofaa zaidi: mlango unaolindwa na wachezaji wenyewe, na ukumbi usioendeshwa kwa faida ya pombe.

7. Hitimisho na mapendekezo

Dansi ya awali ya hausi haikudumu kwa sababu ilihifadhiwa. Kwa sehemu kubwa haikuhifadhiwa. Ilidumu kwa sababu baadhi ya waliokuwapo sakafuni waliishi vya kutosha kuwafundisha wengine. Hiyo ilikuwa bahati, na sera haipaswi kujengwa juu ya bahati. Kwa Nakivale, Masha na Mbarara, mambo manne yanapendekezwa.

Kwanza, ofisi zinazosimamia makazi pamoja na serikali ya Wilaya ya Isingiro zitenge katika kila ukanda wa Nakivale, na vilevile Masha, ukumbi mmoja uliopo tayari utakaokuwa wazi kwa dansi usiku uleule kila wiki, bila pombe, ukiwa na umeme wa jua na kamati ya wachezaji wanaume kwa wanawake.

Pili, wafadhili watenganishe ruzuku ya sakafu na ruzuku ya maonyesho, na wasidai ujumbe kutoka kwa kila dansi wanayoigharimia.

Tatu, orodha ya taifa ya urithi usioshikika ifunguliwe kwa dansi za wakimbizi na zile zilizochanganyika na za wenyeji, kwa maelezo yatakayoandikwa kwa Kiswahili pamoja na lugha za wahusika.

Nne, vyuo vikuu vya ukanda huu vifanye uwekaji wa kumbukumbu pamoja na wachezaji, na nakala za picha na mahojiano zibaki mikononi mwao. Istilahi za Kiswahili za miondoko zikusanywe kutoka kinywani mwa wanaoicheza kabla ya kutungwa mezani.

Jengo la Warehouse lililindwa miaka 46 baada ya kufunguliwa, wakati aliyelipa sifa alikuwa ameshazikwa. Vijana walioko Nakivale leo bado wapo na bado wanacheza. Gharama ya kuwatafutia usiku mmoja wa wiki ni ndogo kuliko gharama ya kuwatafuta baadaye katika kumbukumbu ambazo hazikuwahi kuwekwa.